Wewe Uliyekuja Tanga Kikazi

Ukimuuliza mtu wa Tanga kwao ni wapi, usishangae jibu likikupeleka mbali na bahari. Atakutajia Kibondo, Songea, Mbulu, Rombo, Ilongero. Na hapa je? "Hapa nipo kikazi tu." Yupo kikazi tangu enzi za Mzee Mwinyi. Wanawe wamezaliwa hospitali ya Bombo na kusoma shule ya Usagara, wanataniana kwa Kiswahili cha Ngamiani, na huko kunakoitwa kwao hawawezi kutaja jirani hata mmoja kwa jina. Nyumba ameijenga huko, inakaliwa na popo. Huku anapanga. Mkutano wa mtaa ukiitishwa haendi, kwa kuwa mambo ya hapa, anasema, yana wenyewe.

Wito huu ni wake. Namfahamu, maana nami ni mtu wa kuja. Nilitoka Singida kijana, na cheti cha ufundi mkononi, nikaajiriwa kiwandani, nikaoa, nikalea, nikastaafu, na sasa nakaa Makorora bila mpango wa kwenda popote. Ninalo moja tu la kumwambia: hao wenyewe anaowangojea hawapo mbali. Ni yeye, ni mimi, pamoja na wenyeji waliotupokea, na kazi ya mwenye mji inatungoja sote.

Nianze na heshima kwa wenyeji. Wadigo, Wabondei, Wasegeju na Wasambaa walikuwa kwenye ardhi hii kabla ya gati na kabla ya reli. Ukienda Tongoni, kusini kidogo ya mji, magofu ya msikiti na yale makaburi ya mawe yatakuonyesha kwamba watu waliishi na kufanya biashara pwani hii karne nyingi kabla Mjerumani hajaiona. Hilo halina ubishi. Ila Tanga ya viwanda, Tanga ya korona za mkonge na karakana na king'ora cha zamu, ilijengwa na wageni tangu siku ya kwanza.

Hata zao lililoijenga lilikuwa geni. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu na mingi ilikufa njiani. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo ndiyo yakatoka mashamba yaliyokuja kufunika nchi kutoka Pangani na Muheza hadi Korogwe. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga kwenda bara. Ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911.

Mkonge unakula mikono ya watu. Katika uzito wote wa jani lililokatwa, singa, yaani nyuzi zake, ni kama asilimia nne tu, kinachobaki ni maji na makapi. Kwa hiyo huwezi kusafirisha majani mbali, na ukichelewa yanakauka na singa inaharibika. Lazima korona, ule mtambo wa kukwangua majani, iwe palepale shambani, na lazima wakataji wawe wengi, kila siku, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Wenyeji walikuwa na mashamba yao na wengi hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa na miiba kwa ujira ule. Basi wenye mashamba wakaenda kutafuta watu mbali. Walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na mawakala wake wakafika Kigoma na Songea, wakavuka mipaka hadi Ruanda-Urundi. Kutoka Msumbiji Wamakonde walivuka Ruvuma kuja kukata mkonge. Watu wakaletwa kwa malori na mabehewa, wakaitwa manamba, wakapewa kipande cha kazi cha siku 30 na kibanda kambini. Wengi walitarajia kurudi makwao na fedha kidogo. Wengi pia hawakurudi.

Hao ndio walioifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge kuliko nchi zote duniani. Mwaka 1964 zao lilifikia karibu tani 230,000. Kila tani ilipitia mgongo wa mtu, na sehemu kubwa ya migongo hiyo ilikuwa ya watu wa kuja. Nikisikia mtu wa mjini akisema watu wa Tanga ni wavivu, wapenda raha, huwa namuuliza kama amewahi kukata matita ya mkonge kabla jua halijapanda. Na raha yenyewe tusiionee haya! Ngoma za kambini na muziki wa mjini vilitoka kwa watu walewale. Jamhuri Jazz, bendi ambayo nyimbo zake zilichezwa Afrika Mashariki nzima, ilianza kwa jina la Young Nyamwezi. Mnyamwezi anafanya nini Tanga? Alikuja kikazi, kama wewe.

Na hawakuwa watu wa kukaa kimya. Mwaka 1939 makuli wa bandari hii waligoma wakidai ujira bora, wakati ambapo kugoma dhidi ya mkoloni kulikuwa na gharama. Kibarua asiye na kiwanja wala shamba mjini alithubutu kusimama kudai haki palepale alipotolea jasho. Hakusema mambo ya Tanga yana wenyewe.

Baada ya uhuru mji ukavaa ovaroli. Katika miaka ya 1970 kulikuwa na kiwanda cha mbolea, kiwanda cha chuma, kiwanda cha sabuni kilichotupa Foma, viwanda vya kamba na magunia, karakana za reli. Na mwaka 1980 saruji ya Simba ikaanza kutoka Pongwe. Zamu zikibadilika barabara zilijaa baiskeli, na ndiyo maana hadi leo mgeni akishuka Kange jambo la kwanza analoliona ni baiskeli. Ardhi ya Tanga ni tambarare, kazini si mbali, mshahara haukutosha gari. Baiskeli ilikuwa chombo cha mfanyakazi wa kiwanda.

Yaliyofuata yanajulikana, na wengi wetu tuliyaona kwa macho. Bei ya mkonge iliporomoka kamba za plastiki ziliposambaa duniani. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, mengi yakadhoofika. Fedha za kigeni zikakosekana, vipuri vikakosekana, mitambo ikawa inalishwa vipuri vya mitambo mingine. Kiwanda cha mbolea, ambacho malighafi yake nyingi ilitoka nje, kilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1990. Barua za kupunguzwa kazi ziligawiwa. Watu wakakaa vibarazani wakisubiri mafao, na mpita njia akawatazama na kusema Tanga imelala.

Sentensi hiyo imetuumiza kuliko kufungwa kwa viwanda vyenyewe. Kiwanda kikifungwa unaweza kutaja sababu: umeme, bei, usimamizi, soko. Ukisema mji umelala umemtupia lawama mtu aliyekaa barazani, na mtoto wake anayekusikia anajifunza kwamba maisha yako Dar es Salaam. Ninaomba tuiache. Tuiache hata kwa utani.

Tukitazama kwa makini tutaona pia kwamba havikufa vyote, na vilivyobaki vina la kutufundisha. Saruji ipo, kwa sababu mawe ya chokaa yako chini ya miguu yetu Pongwe na Maweni. Chokaa ipo kwa sababu hiyohiyo. Tanga Fresh, iliyoanzishwa katika miaka ya 1990 ikishirikisha vyama vya wafugaji wadogo, inapokea maziwa ya mama mwenye ng'ombe wake wawili watatu Muheza na Pongwe, na mtindi wake unanywewa Dar es Salaam na watu wanaosema Tanga imelala. Mkonge wenyewe haujafa. Umerudi kutafutwa na dunia iliyochoka na plastiki. Vilivyosimama imara ni vile vyenye mizizi hapahapa, katika mawe, majani na ng'ombe wa Tanga. Mimi si mchumi, lakini nimefanya kazi na mitambo miaka mingi, na najua tofauti ya mashine inayongoja kipuri cha Ulaya na ile ambayo fundi wa Chumbageni anaweza kuichongea kipuri chake.

Hapa niseme jinsi mji huu ulivyonichukua, maana haukunichukua kwa uzuri wa bahari. Mji wa viwanda una vumbi, una harufu, na mtu wa bara akishuka kwenye joto la Februari hapendi chochote. Mimi nilichukuliwa na mzee mmoja wa karakana, Mmakonde, babake aliletwa kukata mkonge. Alinifundisha kusikiliza beringi kwa bisibisi: ncha unaigusisha kwenye nyumba ya beringi, mpini unauweka sikioni, unafumba macho. Beringi nzima ina mlio laini, mmoja, usiokatika. Inayoanza kuchoka inakwaruza kwa mbali, wiki kadhaa kabla haijavunjika. "Mwanangu," akaniambia, "mashine inalalamika mapema. Mtu ndiye anayechelewa kusikia." Hakusoma popote. Alijua mitambo ya Tanga kuliko vitabu vilivyokuja nayo, na alinipa ujuzi huo bure, mimi Mnyaturu niliyekuwa mgeni kwake. Mtu akikupa kitu kama hicho, hapo ni kwenu, upende usipende.

Wazee wa aina hiyo bado wapo Mabawa, Mikanjuni, Msambweni, Duga. Wanakaa na ujuzi ambao hakuna aliyeuandika. Nani alijua kuiwasha tena korona iliyozibwa na makapi, nani aliendesha tagi bandarini usiku bila taa za kutosha, akina mama gani walikuwa kwenye mstari wa kufunga sabuni? Tukiwazika bila kuwauliza, tutakuwa tumefunga viwanda vile mara ya pili. Kwa hiyo la kwanza ninaloomba halihitaji bajeti. Kaa na mzee wa mtaani kwako, mrekodi kwa simu. Ukikuta kitambulisho cha kazi, kipande cha manamba, picha ya timu ya kiwanda, kitabu cha zamu, usikiache kiliwe na mchwa. Shirika la Urithi lina makumbusho kwenye Boma ya zamani ya Wajerumani. Ni mahali pazuri pa kupeleka kumbukumbu ya mfanyakazi ikae karibu na ile ya mkoloni. Tunajua vya kutosha kuhusu vita ya Novemba 1914, Waingereza na majeshi yao ya India walipofukuzwa, nyuki wakisaidia. Watalii wanaipenda hadithi ile ya nyuki. Mimi ningependa pia mwanafunzi wa Donge ajue bibi yake alipiga brashi singa ngapi kwa siku.

Sasa mji unaamka kwa namna nyingine, na ndiyo maana wito huu ni wa leo na hauwezi kungoja. Kwa zaidi ya miaka mia moja meli kubwa hazikuweza kufunga gatini Tanga. Zilitia nanga mbali ndani ya ghuba, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi gatini, mzigo ukapakuliwa tena. Kila gunia lilibebwa mara mbili, na kila kubebwa kuna gharama na muda. Haishangazi kwamba mfanyabiashara wa Arusha au Moshi, mwenye reli inayokuja moja kwa moja hadi hapa, alipitisha mzigo wake Mombasa au Dar es Salaam. Kati ya mwaka 2019 na 2023 serikali ilitumia shilingi bilioni 429.1 kuchimba kina hadi mita 13 na kujenga upya gati mbili zenye urefu wa mita 450. Meli zinafunga. Treni ya mizigo kwenda Moshi, iliyokuwa imesimama kwa miaka, ilirudi mwaka 2019. Na Chongoleani, ng'ambo ya ghuba, ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda, kilomita 1,443. Mafuta yale yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lote lazima lipashwe moto njia nzima. Hiyo ni kazi ya umeme, ya kuchomelea, ya pampu, ya vali, ya watu wa kusikiliza beringi.

Swali ni nani atakayeifanya. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu 273,332 katika jiji hili. Ya mwaka 2022 ikatukuta tukikaribia laki nne. Wengi wa walioongezeka ni vijana. Wakikosa ujuzi, makampuni yataleta mafundi kutoka kwingine, na hao watafika, watapanga, watasema wapo kikazi tu, kisha mkataba ukiisha wataondoka na kila kitu walichokijua. Siwalaumu, nami nilikuja hivyo. Ninachosema ni kwamba sisi tuliobaki tuwe watu wa kuwapokea kama tulivyopokewa, na tuwe na vijana wetu wa kusimama nao bega kwa bega kwenye mtambo. Kama wewe ni fundi mwenye karakana, hata ndogo ya kuchonga vyuma pale Barabara ya Ishirini, chukua kijana mmoja wa chuo cha ufundi cha VETA. Mmoja tu. Kama ni meneja wa kiwanda, fungua geti siku moja kwa muhula, wanafunzi waingie waone tanuri la saruji linavyozunguka. Wapo watoto wanaoishi Pongwe ambao wamekisikia kiwanda maisha yao yote na hawajawahi kuona ndani.

Kuutetea mji si kuusifia tu, na hapa watetezi wengi wa miji huniudhi kidogo. Mtu akisema vumbi la mawe linaingia majumbani, jibu lisiwe kwamba anarudisha nyuma maendeleo. Ghuba yetu na pwani ya kusini yake zina hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, yule samaki wa kale ambaye wanasayansi waliwahi kudhani alitoweka pamoja na mijusi wakubwa wa zamani, na ambaye wavuvi wetu wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu za maji marefu. Meli za mafuta zitapita karibu na kwake. Wavuvi wa Chongoleani na wa Sahare wana haki ya kuuliza mafuta yakimwagika nani atakuja, na chombo gani, na baada ya saa ngapi. Mwenye nyumba huuliza maswali ya namna hiyo kwa mgeni yeyote anayeingia na moto mkononi. Mpangaji ndiye anayenyamaza, kwa kuwa anajua atahama.

Mengine ni madogo na ya raha. Nenda Mkwakwani Coastal Union wakicheza, hata kama moyo wako uko Simba au Yanga. Mwaka 1988 Wagosi wa Kaya walikuwa mabingwa wa nchi, na waliowashangilia siku zile hawakuulizana kabila. Wengine mtasema African Sports ndiyo timu yenu. Vizuri, Wana Kimanumanu nao wanahitaji viingilio. Nunua mtindi wa hapa. Ukijenga, uza kile kiwanja cha pili cha huko kijijini ununue hapa, upande mwembe unaoweza kuufaidi. Ukifiwa na mzee aliyeishi hapa maisha yake yote, kaeni kama familia mzungumze bila haraka kabla ya kukodi basi la kumsafirisha siku mbili kumpeleka mahali ambapo atakaolala jirani nao hawakumjua. Mila zina uzito wake, siwezi kumwamulia mtu. Lakini Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 kwa familia yenye asili ya Uyao, hakuna leo anayethubutu kusema hakuwa mtu wa Tanga.

Na lile la mkutano wa mtaa. Najua unavyokuwa: viti vya plastiki, unaanza saa nzima baada ya muda uliotangazwa, nusu ya mazungumzo ni taka na nusu ni mitaro. Nenda hivyohivyo. Mambo ya bandari na bomba yanaamuliwa juu, lakini orodha za vijana wanaopendekezwa kwa mafunzo, maeneo ya karakana, mikopo ya vikundi, vyote hupita pale, na hupita haraka waliopo wakiwa saba. Tukiwa sabini havitapita haraka. Kama huna hotuba, kaa nyuma na uulize jambo moja: vijana wangapi wa mtaa huu wamepata nafasi ya kujifunza kuchomelea mwaka huu, na nani analipia ada yao? Mwenyekiti akisema hana takwimu, mwombe azilete mkutano ujao. Na mkutano ujao uwepo.